Maziwa ya Jua

Mpunga ukianza kuiva, kijiji kizima huwa na kelele. Ndivyo ilivyo katika vijiji vya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Ndege wadogo hushuka mashambani kwa makundi, na kila kundi lina njaa yake. Asiyewinga ndege hatavuna kitu. Kwa hiyo watu huwafukuza tangu asubuhi. Wengine hupiga makopo, wengine hutupa udongo, wengine huimba, na wengine hutukana tu. Ndege hawajali matusi, lakini mwenye shamba hupata nafuu.

Mwaka huo, katika shamba la Mama Albertine, kazi ya kuwinga ndege ilikuwa ya mkwe wake, Rosine. Mama Albertine mwenyewe alibaki nyumbani na mjukuu. Mjukuu huyo aliitwa Plamedi. Alikuwa mtoto wa kike wa miezi mitatu, mwenye macho makubwa na sauti kubwa. Majirani walisema sauti hiyo ingetosha kufukuza ndege wa mashamba mawili.

Baba wa mtoto, Bienvenu, hakuwapo. Alikuwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Alitaka kupata mabati ya nyumba yao. Siku alipoondoka, alisimama mlangoni na begi lake, akamtazama mtoto, akashindwa kutoka. Mama yake akamsukuma kwa mkono.

"Enda tu," akamwambia. "Mutoto wako, mimi nitamuchunga."

Mama Albertine alikuwa mtu wa kutimiza neno. Alimwosha Plamedi, alimpaka mafuta, alimbeba mgongoni akichambua sombe, yaani majani ya mihogo. Alimfunga uzi wa shanga kiunoni, kama alivyowafunga watoto wake wote. Uzi huo si pambo tu. Mtoto akinenepa, shanga zinabana, na koko yake analegeza fundo kwa furaha. Koko ndilo jina la bibi huko, na Mama Albertine alilipenda jina hilo kuliko majina yake mengine yote.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulifanyia mchezo. Jambo hilo ni maziwa ya jua.

Wazee walimfundisha hivi. Mwanamke akishinda juani, maziwa yake huungua ndani ya titi. Mtoto akiyanyonya anahara, anakonda, mwisho anakufa. Kwa hiyo mama akitoka shambani hampi mtoto titi mara moja. Kwanza anakaa kivulini mpaka mwili upoe. Halafu anaosha kifua kwa maji baridi. Halafu anakwenda nyuma ya nyumba, anakamua maziwa ya jua na kuyamwaga chini. Baada ya hapo ndipo anamchukua mtoto.

Kila siku Rosine alimnyonyesha Plamedi alfajiri, kisha akaenda shambani. Alirudi jua likiinama. Matiti yalikuwa yamejaa, yanauma, na kikwembe alichojifunga kimelowa kifuani. Plamedi akisikia sauti ya mama yake, alilia kwa nguvu na kurusha miguu. Rosine alinyoosha mikono kumpokea.

"Ngoja kwanza, Mama Plamedi," mama mkwe wake alimwambia siku moja. "Uko na jua."

"Mama, mutoto iko na njaa."

"Nimemupa maji. Atangoja kidogo. Njaa kidogo haiue mutoto. Maziwa ya jua ndiyo inaua."

Rosine hakubishana. Alikuwa mkwe mpya, mwenye adabu, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Angejua nini? Alikwenda nyuma ya nyumba akakamua. Kila jioni ikawa hivyo. Ardhi ilikunywa kwanza, mtoto akanywa baadaye.

Mchana, Plamedi alipolia, koko alimpa maji ya kisima kwa kijiko. Akilia zaidi, alimpa maji yaliyopikiwa mchele, yenye sukari kidogo. Mtoto alinyamaza, tumbo likajaa, usingizi ukamchukua. Mama Albertine aliona kazi yake inakwenda vizuri.

Halafu asubuhi moja, akimwosha, aliona shanga zinateleza. Uzi uliokuwa unakaa vizuri kiunoni sasa ulishuka mpaka kwenye mapaja. Na mapaja yenyewe yalikuwa na mikunjo mibaya, mikunjo ya ngozi isiyo na nyama. Mama Albertine alitazama mlangoni. Rosine alikuwa ameshatoka. Akaukaza uzi, akafunga fundo jipya, na hakumwambia mtu.

Maziwa ya Rosine nayo yalikuwa yanapungua. Zamani yalidondoka yenyewe. Sasa jioni yalikuja kidogo tu, na mtoto alinyonya kidogo akaacha, akalala. Mama Albertine akajiambia kwamba jua limewashinda. Akamtafuta Pitchou, kijana wa pikipiki anayekwenda Salamabila na kurudi. Akampa maneno ya kumpelekea Bienvenu: maziwa ya mke wako yameungua, tuma maziwa ya duka.

Njia ya Salamabila ni mbaya, kila mtu anajua. Lakini Pitchou alirudi mzima, na kwenye begi lake kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga. Juu ya kopo kulikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka. Mama Albertine aliitazama picha ile sana. Aliliweka kopo mezani, akalifunika kwa kitambaa safi. Halafu akakaa chini na kuogopa.

Usimcheke. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama huyu alishatafunwa. Zamani, akiwa msichana kama Rosine, mtoto wake wa pili alihara wakati wa mavuno. Mtoto huyo aliitwa Heri. Alikufa kabla mpunga haujaingia ghalani. Wanawake wazee walikuja kulia naye. Mmoja akamwuliza kama kila siku alikuwa anakamua maziwa ya jua kabla ya kumnyonyesha. Albertine akasema ndiyo, lakini siku nyingine alichoka, akasahau. Wazee wakatazamana. Albertine akaelewa: maziwa yake ndiyo yaliyomuua Heri.

Tangu hapo, mtu akimwuliza Mama Albertine amezaa watoto wangapi, alijibu watano. Walikuwa sita. Kumtaja Heri kulikuwa kujishitaki mwenyewe, na yeye hakuwa na nguvu hiyo.

Siku ya kilo ikafika. Ndivyo watu wanavyoiita siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya, ambacho nacho wanakiita senta. Wamama walikaa kwenye benchi. Kila mmoja alimvalisha mtoto wake suruali ya mzani na kumning'iniza. Watoto walilia, mama wakacheka, muuguzi akasoma uzito.

Plamedi aliponing'inizwa, muuguzi Gédéon hakucheka. Alisoma mara mbili. Akaeleza kwamba mtoto hajaongezeka tangu kilo iliyopita, na mtoto wa umri huo lazima aongezeke. Akampima joto, akamtazama macho na mdomo, akampima malaria. Hakuona ugonjwa. Akauliza mtoto anakula nini.

Rosine aliangalia chini. Mama Albertine ndiye aliyejibu. "Maziwa ya mama yake iliungua na jua. Lakini baba yake alishatuma kopo."

Gédéon aliwaomba wasilifungue kopo bado. Alisema mama akiwa na maziwa, hakuna kopo linaloyapita. Halafu akasema Pascaline atakuja kwao siku hiyohiyo.

Pascaline alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya barabara. Kijiji kilimchagua kuwa relé, yaani mtu anayepita nyumba kwa nyumba kuzungumza na watu juu ya afya na kusaidia senta. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika mbali, na alijua kukaa jikoni kwa watu bila kuwachosha. Alifika alasiri. Rosine alikuwa amerudi shambani baada ya kilo, kwa sababu ndege hawana habari za kilo.

Pascaline alimsalimia Mama Albertine kwa heshima, akauliza habari za Bienvenu, akasaidia kuchambua sombe. Kopo alikuwa ameliona tangu mlangoni, lakini hakuligusa. Alingoja tu.

Rosine akaingia uani, jasho linamtoka. Plamedi akaanza kulia. Rosine akamtazama mtoto, akamtazama mama mkwe, akashika njia ya nyuma ya nyumba.

"Mama Plamedi, unaenda wapi?" Pascaline akauliza.

Rosine akasimama. Mama Albertine akajibu kwa ajili yake, wazi, bila aibu. Alieleza habari yote ya maziwa ya jua. Pascaline alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaomba ruhusa ya kuuliza jambo moja.

"Mama, mbuzi ya jirani baba Pierre inashinda wapi muchana?"

"Iko imefungwa pale kwa barabara."

"Kwa jua?"

"Kwa jua."

"Na mutoto yake inanyonya?"

"Inanyonya. Si unaiona vile imenona?"

"Basi, uliona siku moja ile mbuzi inaenda nyuma ya nyumba, inakamua kwanza maziwa ya jua?"

Rosine alicheka kabla ya kujizuia, akaziba mdomo kwa kikwembe. Mama Albertine hakucheka. "Mutu si mbuzi," akasema.

Pascaline alikubali kwamba mtu si mbuzi. Akaeleza polepole. Jua linachoma ngozi ya juu, lakini halifiki ndani. Mwili una joto lake mwenyewe, na maziwa yanakaa katika joto hilo, mama awe shambani au kitandani. Jua lingekuwa linaunguza maziwa, lingeanza na damu. Watu wote wa Maniema wangekuwa wamekauka zamani kama samaki wa juu ya moto. Mama akitoka shambani, anawe mikono, akae, anyonyeshe. Basi. Maziwa ndani ya titi hayaharibiki.

Mama Albertine akauliza swali lililokuwa linamuumiza. "Kama si jua, kwa nini maziwa yake inapunguka? Na kwa nini mutoto anakonda? Mimi simuache kulala na njaa."

"Mama, unajua mwanamuke anayeuza mandazi kwa njia panda?" Pascaline akamwuliza. "Wanunuzi wakiwa wengi, kesho anakaanga mingi. Wasipokuja, kesho anakaanga kidogo. Titi iko vile. Mutoto akinyonya sana, inaleta sana. Muchana muzima Plamedi hanyonyi. Mangaribi anakuja na tumbo ya maji, ananyonya kidogo. Titi inasema, ah, hawa hawana haja."

Akaendelea kueleza. Maji na maji ya mchele yanajaza tumbo, lakini hayajengi mwili. Maji ya kisima yanaweza pia kuleta kuhara. Mtoto ambaye hajafika miezi sita hahitaji kitu kingine isipokuwa maziwa ya mama, hata wakati wa joto kali. Ndani ya maziwa mna chakula na mna maji. Akiwa na kiu, apewe titi. Anayehitaji maji ya kunywa ni Rosine, na sombe, na maharage, na karanga, na samaki akipatikana. Na la kopo akalisema pia. Maziwa yale yakichanganywa na maji yasiyo safi, au yakizimuliwa ili yasiishe haraka, mtoto ataumwa. Na mtoto akizoea kopo, atanyonya kidogo zaidi, na maziwa ya mama yatazidi kupungua.

Rosine bado alikuwa amesimama katikati ya uani. Plamedi alikuwa analia mikononi mwa koko yake. Mama Albertine alimtazama mtoto, akatazama ile njia ya nyuma ya nyumba. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilionekana usoni mwake. Lakini alikumbuka fundo jipya alilolifunga kwa siri. Njia yake alishaijaribu, na shanga zilikuwa zinateleza.

"Kamata mutoto wako," akamwambia Rosine.

Rosine akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda, akampa mtoto titi. Pascaline akamwonyesha namna ya kumweka. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama, na mdomo ufunguke sana, ushike sehemu kubwa ya titi, si chuchu tu. Plamedi alinyamaza. Ikasikika sauti ya kumeza. Mama Albertine hakuweza kutazama. Alikwenda kwenye kinu akatwanga mpunga kwa nguvu.

Asubuhi mtoto hakuhara. Siku iliyofuata pia hakuhara. Mama Albertine alikagua kila kitambaa kama mtu anayetafuta sindano.

Lakini tatizo moja lilibaki. Ndege walikuwa palepale, na mpunga ulikuwa unaendelea kuiva. Rosine akikaa nyumbani kunyonyesha, wangekula nini mwaka mzima? Akienda, mtoto angenyonya saa ngapi? Pascaline alirudi kuongea nao. Alianza kueleza namna ya kukamua maziwa na kuyaacha katika kikombe. Mama Albertine akamkatiza.

"Ngojeni kwanza. Plamedi, tulimuacha nyumba sababu ya jua. Sasa unasema jua haiunguzi maziwa."

"Haiunguzi, Mama."

"Basi, sisi wote tuende kwa shamba. Mimi nitawinga ndege. Kazi ya kupiga kelele haishinde muzee. Rosine avune. Mutoto alale kwa kivuli, akilia mama yake iko pale."

Pascaline akacheka kicheko chake mpaka kuku wakakimbia. Akasema hilo hata senta hawajaliwaza, na yeye atalipeleka kwa wamama wengine.

Kijijini kulikuwa na kikundi cha mama wanaonyonyesha. Walikuwa wanakutana karibu na kanisa kila juma, kuulizana na kushauriana. Pascaline aliwapa habari. Wakaamua kuifanya kazi hiyo kwa likelemba, leo kwa huyu, kesho kwa mwingine. Wakaja asubuhi na mapanga. Wengine walikata miti, wengine nyasi, na mmoja alikaa na watoto wote. Kabla ya joto kupanda, kibanda kilisimama katikati ya shamba la Mama Albertine. Kilikuwa na kivuli kizuri na mkeka chini. Wakala mihogo pamoja, wakatawanyika.

Tangu siku hiyo, Mama Albertine alikuwa malkia wa kibanda. Aliwinga ndege huku akimtikisa Plamedi. Rosine alikata masuke ya mpunga, na mtoto akilia alikuja, akanawa mikono kwa maji ya dumu, akakaa kivulini na kunyonyesha. Hakuna aliyesema angoje kupoa. Baada ya siku chache, matiti yake yalianza kujaa tena. Siku moja maziwa yalidondoka yenyewe kwenye mkeka. Rosine aliyatazama na kulia kwa furaha, na mama mkwe wake akamwambia aache kulia, anywe maji.

Na kopo? Pascaline alisema maziwa yale yawe ya watu wakubwa. Wakayanywa na chai, Mama Albertine na Rosine, asubuhi kabla ya kwenda shambani. Yalipokwisha, Mama Albertine aliosha kopo, akatia mawe madogo ndani, akalitundika kwa kamba juu ya mpunga. Akivuta kamba, lilipiga kelele ya ajabu. Ndege wakahamia kwenye shamba la baba Pierre.

Siku moja Pascaline alikuja kuwatembelea shambani. Rosine alikuwa mbali, akikata mpunga. Plamedi alikuwa amelala, mdomo bado unanyonya hewa. Mama Albertine alikuwa ameshika kamba ya kopo, lakini hakuivuta. Alikuwa na swali ambalo lilimkaa moyoni siku nyingi.

"Pascaline. Kama maziwa haiungui, mutoto wangu alikufa na nini?"

Pascaline hakujua habari za mtoto huyo. Mama Albertine akamsimulia. Alisimulia yote, kuhara, mavuno, wale wazee waliotazamana. Alisimulia akitazama mpunga, si mtu. Alipomaliza, Pascaline alimgeukia.

"Mama, mimi sikukuwa pale," akasema. "Sijui ni ugonjwa gani ulimukamata. Zamani hakukuwa senta karibu, na watoto wengi walikufa na kuhara. Siwezi kukudanganya. Lakini jambo moja ninalijua. Si maziwa yako iliyomuua Heri."

Mama Albertine akarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayeonja chakula. Si maziwa yangu. Halafu kamba ikamtoka mkononi. Alilia kwa sauti, kama alivyolia akiwa msichana. Pascaline akamshika mabega na kumwacha alie. Makundi mawili ya ndege yalishuka yakala mpunga yanavyotaka, na siku hiyo hakuna aliyewafukuza.

Mavuno yalikuwa mazuri hata hivyo. Siku ya kwenda Kasongo kuuza mpunga, Rosine hakuweza kumchukua mtoto kwenye pikipiki. Akafanya alivyofundishwa na Pascaline. Alinawa mikono kwa sabuni, akakamua maziwa katika kikombe kilichochemshwa, akakifunika na kukiweka mahali pa baridi kivulini. Koko alimpa Plamedi kwa kikombe, tone kwa tone, kabla ya adhuhuri. Chupa hawakuitumia, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha. Na hata kabla mchana haujaisha, Rosine alikuwa amerudi, mbio, anafungua vifungo akiwa bado mlangoni.

Bienvenu alirudi wakati mpunga wa mwisho unakatwa. Pitchou alimshusha pembeni ya shamba, amejaa vumbi la Salamabila. Aliona kibanda. Aliona mama yake anavuta kamba. Aliona mtoto mnene juu ya mkeka, akamtazama kana kwamba ni mtoto wa jirani. Shanga zilikuwa zimebana, na koko alikuwa amelegeza fundo si mara moja.

"Mama, naona maziwa niliyotuma ilimufaa sana," akasema kwa fahari.

"Ilifaa sana," Mama Albertine akajibu, akavuta kamba. Kopo likalia juu ya mpunga, ndege wakaruka. "Unasikia?"

Rosine akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo wakamweleza Bienvenu habari yote. Alicheka kidogo, halafu akamchukua mtoto wake na kumshika muda mrefu.

Kilo iliyofuata, muuguzi Gédéon alisoma mzani na kucheka kabisa. Plamedi alikuwa ameongezeka vizuri. Gédéon akawakumbusha wamama wote kwamba mtoto akiwa na homa, au akihara, au akikataa kunyonya, waje senta haraka, wasingoje siku ya kilo.

Kwenye benchi alikuwapo msichana mmoja aitwaye Dieudonnée, na mtoto wake wa kwanza. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka mbali, jua la mchana likimpiga. Mtoto wake alikuwa analia, naye alikuwa anambembeleza tu. Mama Albertine akamwuliza kwa nini hampi titi. Msichana akajibu kwa sauti ndogo kwamba anangoja mwili upoe.

Mama Albertine akasogea karibu naye. Akamwambia yale aliyoyasikia kwa Pascaline, habari ya jua na ngozi, na habari ya mandazi. Hata mbuzi wa baba Pierre hakumsahau. Msichana alisikiliza, lakini hofu haikumtoka usoni. Akataka kujua kama mama huyu anasema mambo aliyoambiwa tu, au anayajua mwenyewe.

"Mama, wewe ulizaa watoto wangapi?"

Rosine alikuwa anamvalisha Plamedi nguo. Alijua jibu. Alilisikia mara nyingi tangu aolewe.

"Nilizaa sita," Mama Albertine akasema. "Wa pili aliitwa Heri. Alikufa angali mudogo. Siku nyingine nilitoka kwa shamba na jua yote, akaninyonya, na si maziwa iliyomuua. Maziwa yangu ilikuwa muzuri."

Dieudonnée akamtazama. Halafu akafungua kikwembe chake, akamsogeza mtoto kifuani, na kilio kikakoma.